Mtungi Uliojua Njia

Baada ya chai ya asubuhi, muuguzi wa wodi ya nyuma alikibana kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mama muuza mkaa, akasoma asilimia sabini na nane, chini mno. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja hospitali nzima. Alikuwa anamvalisha mama barakoa, metroni akaingia.

"Huo unakwenda vyumba vya mbele. Shemeji wa mkurugenzi amefika."

"Anaumwa nini?"

"Uchovu wa safari."

"Metroni, huyu mama akiachwa hivi, jioni haioni. Si tuliapa, aliyezidiwa kwanza?"

"Kiapo hicho nilikila wewe hujaota meno, mwanangu. Sukuma."

Muuguzi akausukuma hadi vyumba vya mbele. Akiwa njiani kurudi, mtungi ulimpita kwenye korido, gurudumu moja likilia kama kawaida, ukasimama kando ya mama. Wagonjwa walikunja miguu kuupisha.

Metroni aliurudisha mwenyewe. Ukaja tena. Fundi aliitwa, akapima sakafu, akasema haina mteremko.

"Ungekuwa mbuzi ningesema umezoea zizi," alisema. "Ufungeni."

Ulifungwa kwa mnyororo kwenye kitanda cha shemeji, kitanda kipya cha magurudumu.

Saa ya kutazama wagonjwa, gurudumu lililia tena. Mtungi ulitangulia, kitanda kikafuata, shemeji juu yake, barakoa usoni, akisoma gazeti. Ndugu zake walitembea nyuma na matunda yao. Msafara ukaegesha ubavuni mwa muuza mkaa. Kipimo kilisoma sitini na tisa.

Muuguzi alimwinua mama mgongo kwa mkono mmoja, wa pili akaunyoosha kwa shemeji.

"Mzee, naomba hiyo barakoa. Sasa hivi."

"Bado naitumia, binti."

Akamgeukia metroni, aliyekuja nyuma ya msafara. Metroni aliutazama mnyororo, akamtazama mama aliyekuwa akihema mdomo wazi.

"Mama huyu anampigia mgeni kelele," alisema. "Lete pazia."

Muuguzi hakuondoka. Metroni akalivuta pazia mwenyewe, likawatenga. Kila mama alipovuta pumzi, kitambaa kilivutika upande wake, kikaachiwa, kikavutika tena.

"Kuna upepo huku," shemeji alisema, akigeuza ukurasa.

Pazia likavutika sana, likabaki hivyo hivyo, limetuna kuelekea kwa mama, na muuguzi bado amemshika mgongo.

Metroni akaenda kufunga dirisha.