Maneno ya Wafu wa Sehemu ya Pili

Mwaka mzima watu wa kambi ya wakimbizi ya Kabazana walimsumbua Ancilla kwa swali moja: lile lango lilifunguka au halikufunguka? Ancilla ndiye mwenye kibanda cha video, mabati na mabenchi sita, na humo ndimo walimoitazama sehemu ya kwanza ya filamu ya miungu ya Wagiriki. Binti wa mhunzi alimfuata mdogo wake aliyekufa hadi kuzimu, akafika langoni, na filamu ikaishia hapo. Watu walitoka wakinung'unika kana kwamba Ancilla ndiye aliyelifunga.

Kwa hiyo sehemu ya pili ilipofika kutoka mjini Mbarara, imetafsiriwa kwa Kiswahili na Sulait, ambaye sauti yake juu ya filamu ilijulikana kambi nzima, hapakuwa na pa kukanyaga. Saa nane mchana kibanda kilijaa hadi mlangoni. Benchi la mbele aliketi mzee Venuste, Mrundi aliyekuwa na majuma mawili tu tangu aandikishwe kwenye kituo cha mapokezi. Alikuwa amemzika mkewe njiani.

Lango likafunguka. Watu wakapiga makofi. Nyuma yake palikuwa na mto mweusi, na ukingoni roho za wafu, maelfu kwa maelfu, zimepanga mstari zikingoja kuvushwa. Roho ya kwanza ilipofungua mdomo, ikatoka sauti ya Sulait, ameibana puani, akiiga Kiswahili cha Warundi:

"Mutusaidie, bakubwa! Sisi ni wakimbizi, tumekuja kula posho tu!"

Mlinzi wa mto naye akasemeshwa: "Rudini kwenu! Huku chakula kimeisha!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Venuste aliinuka, akavaa kofia yake, akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka. Ancilla akazima mashine.

"Mama Ancilla, haijaisha!" mtu akapaza sauti.

"Kwangu imeisha."

Hasira ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitemeki. Asubuhi yake alikuwa Mbarara, amesimama katika duka la filamu wanaloliendesha Sulait na dada yake Mastulah. Sulait alitoka katika chumba cha nyuma cha kurekodia, kilichozungushiwa magodoro ukutani ili kelele zisiingie. Alikuwa kijana mpole wa sura, na hilo lilimuudhi Ancilla zaidi.

"Nyabo, mama, wewe nakasirika ya nini? Hiyo ni kuchekesha tu. Watu ya hapa wote walicheka."

"Kwangu kuna mzee alitoka. Niambie, wale wafu wanasema nini kwa kweli?"

Sulait akajikuna shingo. "Pale wanaongea haraka sana. Mimi niliweka yangu."

Mastulah, aliyekuwa amesoma hadi chuo kikuu, aliacha kupanga rafu. Akaifungua filamu yenyewe ya Kiingereza, isiyo na sauti ya kaka yake, akainamisha sikio. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Huyu anataja jina lake," akasema polepole. "Jina lake, la baba yake, na la kijiji chake. Na huyu vilevile. Wakishavuka watakunywa maji ya huo mto na kusahau kila kitu. Ndiyo maana wanatajiana majina kwanza."

Ancilla akamgeukia Sulait. "Wafu wanataja majina yao, na wewe umewafanya waombaji wa posho!"

"Nilifikiri—"

"Hukufikiri. Uliona watu kwenye mstari, ukaona wakimbizi. Tena ukaona matumbo tu. Itafsiri upya, na useme ulikosea."

"Niseme mbele ya watu kwamba sijui Kingereza? Nani atanunua filamu yangu tena?" Sulait akatazama pembeni. "Imeshatoka, nyabo. Iko mpaka vijiji vya Masha. Nitairudisha namna gani?"

Akarudi chumbani kwake, akafunga mlango. Mastulah hakumwomba ruhusa. Aliinakili filamu ile safi kwenye flashi ya Ancilla, akampa na karatasi aliyoandikia majina yote kama alivyoyasikia, pamoja na habari ya kila tukio.

Jumamosi Ancilla aliionyesha filamu ile safi, akashika kipaza sauti kuitafsiri mwenyewe. Alikuwa amepita kwa mzee Venuste kumwalika, mzee akakataa. "Nimeshasikia ya kutosha," alisema, na Ancilla hakumsihi. Kazi ilimshinda mara nyingi. Kwenye vita vya nyoka wa vichwa saba aliachwa nyuma, watu wakamzomea. Lakini roho zilipojipanga ukingoni aliinua karatasi, akayasoma majina yale ya Kigiriki moja moja, ulimi ukijikwaa, bila kuiga sauti ya yeyote. Hakuna aliyezomea. Mwanamke mmoja nyuma akataja jina la marehemu wake, lisilokuwamo kwenye filamu wala kwenye karatasi. Ancilla akaishusha karatasi hadi mwanamke yule alipomaliza, kisha akaendelea.

Binti wa mhunzi alimpata mdogo wake, na watu wakaondoka wameridhika. Ancilla hakuridhika. Ile ya Sulait ingali inauzwa Mbarara, na watu wangali wanaicheka. Kila aendapo mjini hupita dukani kwake. Juzi alimkuta na wateja watatu, akamuuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama ameshajifunza wafu wanasema nini. Sulait aliinamia mashine yake kama mtu asiyesikia. Wateja wale ndio waliogeuka, wakataka kujua ni wafu gani, na Ancilla akavuta kiti, akaanza kuwaeleza.