Video Niliyoirudisha

Mimi ni daktari wa upasuaji, na mwaka huu nimebebeshwa kazi nisiyoipenda hata kidogo: kuwapima wenzangu. Kila anayepasua kwa roboti anachagua video yake moja, jina na sauti vinafutwa, halafu watatu tunakaa kila mtu peke yake kutazama vile vyuma vidogo vikifanya kazi ndani ya tumbo. Anavuta nyama kwa nguvu? Anahangaika ovyo? Damu ikitoka anafanya nini? Sharti ni moja: ukimtambua mtu, rudisha video bila alama.

Juzi asubuhi nilifungua moja, na fundo la kwanza tu nikamjua mwenyewe. Anauvuta uzi, anaulegeza kidogo, anauvuta tena, kama anavyofunga viatu mlangoni huku mimi nimeshachoka kupiga honi. Baba watoto.

Nilitakiwa nizime palepale. Nani, mimi? Mwaka jana mgonjwa wake alitokwa na damu nyingi, mikono ikamganda, ikabidi mwenzake amalizie. Mgonjwa alipona, mume wangu ndiye hakupona. Nikimuuliza habari za kazi ananijibu "salama" kama jirani. Nilijua safari hii akifeli ataacha upasuaji mwenyewe, wala hatasubiri kuambiwa. Basi nikatazama, roho mkononi.

Katikati mshipa ukapasuka. Skrini nzima nyekundu, na vyuma vimetulia tuli. Nikasema tumekwisha, ameganda tena. Kumbe wapi! Chuma cha kushoto kilikuwa kimeshaubana ule mshipa, kinamsubiri msaidizi afyonze damu. Palipokuwa peupe akashona, mshono mmoja, wa pili, kwisha, bila papara. Jamani, nililia kwa raha, mtu mzima mimi, peke yangu ofisini na kamasi juu.

Nikairudisha, nikasema nimemtambua, wakampa mpimaji mwingine.

Leo jioni akaingia jikoni na kuniambia amepita, wote watatu wamempitisha. Ila kuna mpimaji aliyerudisha video yake, na akataka kujua kama ni mimi. Nikamwambia ni nani mwingine. Hapo ndipo hasira zikanipanda, maana nilikuwa nimezibana siku mbili nzima. Ana video chungu nzima, safi, hazina hata tone. Kwa nini awape ile? Alitaka kuniua kwa presha?

Akavuta kiti, akakaa.

"Zile safi hazinisaidii kitu," akasema. "Hii ndiyo huwa naiangalia usiku, usingizi ukikataa."

Mwaka mzima nalala pembeni ya mtu huyu na sijui. Nilitaka kugomba, nikaghairi. Nikamwambia, "Basi leo tuiangalie wote."

Tulipomaliza kula tukakaa sebuleni, sahani hazijaoshwa, simu yake katikati yetu. Hata mshipa haujapasuka, bwana mkubwa anakoroma begani kwangu.