Mama Hajageuka

Nimechoka. Nianze na hilo, msije mkadhani nalificha. Kazi yangu ni kunukuu. Ofisi inanitumia rekodi za vikao, nami nakaa nyumbani kwenye meza ya kulia, hedifoni masikioni, mguu juu ya pedali ya kusimamishia sauti, naandika kila neno lililosemwa. Mwenyekiti akikohoa, naandika amekohoa. Mwaka wa sita huu. Na katika uchovu huo, asubuhi moja, wiki mbili kabla ya ile Jumamosi ya dukani, nilifuta filamu ya baba yangu.

Baba ni mpima ardhi mstaafu. Majirani wanamwita Mzee Milimita, na jina limemkaa, maana hata kitanda akisogeza lazima apime. Mama alipofariki, watu walidhani ataanza kushinda barazani na wazee wenzake. Wapi! Alinunua udongo wa rangi wa kuchezea watoto, akamfinyanga mama mwenyewe, mdogo wa kukaa kiganjani, gauni la njano, kilemba, na ule mguu wa kushoto uliokuwa ukimsumbua. Akagonga boksi la mbao kwenye kona ya sebule yetu, ndani akaweka sebule yetu hiyohiyo, kiti na mlango wa jikoni. Anamsogeza mama kidogo, anapiga picha. Anamsogeza tena kidogo, anapiga. Picha kumi na mbili zinaleta sekunde moja ya mama akitembea. Kwa miaka miwili alikuwa amefikisha dakika nne.

Kompyuta ilikuwa moja, ya wote wawili. Asubuhi yangu, mchana yake. Sheria ilikuwa moja vilevile: akishasema "Tulia!", hakuna kutembea wala kupiga chafya, maana ubao wa sakafu ukitikisika mama anahama. Kuna siku nilibana kikohozi mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa nikimnung'unikia, sikatai. Mtu una kikao cha urefu wa saa nne cha kunukuu, unaambiwa usipumue kwa ajili ya udongo.

Asubuhi hiyo kompyuta iligoma. Ikasema imejaa, haina nafasi hata ya rekodi moja, na ofisi ilikuwa inataka kazi kabla ya saa sita. Baba alikuwa kitandani, mgongo umemkamata. Nikafungua ile programu ya kusafisha. Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikaniuliza kwa adabu zote: kuna maelfu ya picha zinazofanana, niziondoe, nibakize moja moja? Nikasema moyoni, mzee naye, picha moja anaipiga mara elfu! Nikabonyeza ndiyo. Nikamwaga na kapu la taka, nafasi ipatikane. Kompyuta ikapumua, nikapeleka kazi, nikasifiwa.

Nilikuja kushtuka kesho yake, nikiwa na kijiko cha sukari mkononi. Zinafanana. Bila shaka zinafanana! Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kila picha ifanane na mwenzake isipokuwa kwa unywele mmoja. Nilikimbia kufungua folda. Picha karibu elfu tatu zimebaki mia moja na kumi na mbili. Na folda ya pili, aliyoiandika kwa herufi kubwa NAKALA, asije akapata hasara, alikuwa ameiweka humohumo ndani ya kompyuta. Programu ilianza na hiyo. Haikuacha kitu.

Kumwambia nilishindwa. Siku ya kwanza nikasema mgongo unamuuma, nisimwongezee. Siku ya pili nikasema nitamwambia akishakula. Siku ya tano akaanza kutembea, anashika ukuta, anacheka, ila kuinamia boksi lake bado hawezi, nikasema ngoja apone kabisa. Nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Uongo wenyewe sikuusema hata mmoja, nilinyamaza tu, na kunyamaza kukanila kuliko kusema.

Halafu ofisi ikaandika kwamba mwisho wa mwezi programu mpya inaanza, na kompyuta za zamani haziiwezi. Tununue nyingine au turudi kufanyia kazi ofisini. Baba alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa viatu. Ijumaa nzima alikuwa anapima meza kwa futi yake, anachora mahali kioo kitakapokaa. Jioni akaniambia, "Nimeshanakili filamu yote kwenye flashi. Dakika moja tu imekwisha! Kumbe hii kompyuta yetu tunaidharau bure, bado ina nguvu."

Nikasema, "Hongera, baba." Mungu ananisikia, hicho ndicho nilichosema.

Jumamosi asubuhi tukawa dukani. Duka jembamba, kompyuta zimepangwa pande zote mbili, zote zinaonyesha picha ya maua yaleyale. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na macho ya mtu ambaye naye hakulala vizuri. Nikamwahi.

"Kaka, nataka ya kuandikia na kusikilizia. Ndogo tu. Kibodi iwe laini, vidole vyangu vimekwisha."

"Hii hapa, dada," akasema, akanionyesha moja nyembamba. "Haina makelele, haina joto. Kwa kazi za ofisi utaisahau kama ipo."

"Tunaichukua," nikasema.

"Haraka ya nini?" baba akasema. Yeye alikuwa kwenye kona nyingine, amesimama mbele ya kubwa moja ya mezani, kioo chake kama dirisha. Ameinama, pua inakaribia kugusa. "Bwana, hii nyeusi yake ni nyeusi kweli? Ile yetu nyeusi yake ni kijivu. Mama yake huyu alikuwa na nywele nyeusi."

"Nyeusi kama masizi, mzee wangu. Hiyo ni ya watu wa picha na filamu. Na kazi za dada itazifanya huku imelala."

"Baba, itajaza meza," nikasema. "Tutakula wapi?"

"Tutakula mapajani. Wewe si mwaka wa sita huu unakula ukiandika?"

Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishika ile ndogo kwa mikono miwili, nayo haina kosa lolote, maskini.

"Mzee wangu," muuzaji akasema, "mashine hujaribiwa kwa kazi. Una kazi yako hapo tuione?"

Nikajua nimekwisha. Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu, na ndani yake flashi. Nikasema, "Baba, tuijaribie nyumbani." Akanitazama, akashangaa kidogo, akasema hapa ndipo panapouzwa mashine, nyumbani tutajaribu nini?

Muuzaji akachomeka. Akafungua programu ya kuunganisha picha, ileile anayotumia baba, akabonyeza.

Mama akatokea, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona humo, gauni la njano linang'aa, alama za vidole vya baba zinaonekana shingoni. Amekaa kwenye kiti. Mara amesimama. Mara yuko katikati ya chumba. Mara yuko mlangoni, ametupa mgongo. Mara hayupo. Kioo kikawa cheusi, cheusi kweli, kama alivyoahidiwa.

Sekunde tisa.

"Imekwama," baba akamwambia muuzaji. "Rudia."

Akarudia. Kiti, chumba, mlango, basi.

"Mbona hajageuka?" baba akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi, alikuwa anakiuliza kioo. "Pale mlangoni anageuka, ananitazama. Nilimgeuza shingo mwezi mzima na nusu. Mbona hajageuka?"

Hapo sikuweza tena. Nikaiweka ile kompyuta ndogo juu ya meza, nikasema yote, palepale, mbele ya mtu baki na wateja wawili waliokuwa wanachagua vipanya. Nikasema kompyuta ilijaa, nikasema picha zinazofanana, nikasema na kapu la taka. Sauti ilinitoka kwa hasira, sijui hasira ya nani. Nikasema, "Nimefuta mimi, baba. Nilikuwa nimechoka, sikufikiri. Nisamehe."

Muuzaji akauliza taratibu kama kompyuta imetumika tangu siku ile. Nikamwambia kila siku, rekodi juu ya rekodi. Akatikisa kichwa, akasema basi, zilizofutwa zimeshaandikwa juu yake, akajishughulisha na waya fulani ambao haukuwa na tatizo.

Nilingoja baba anigombeze. Ningefurahi, kusema kweli. Baba yangu akikasirika ana maneno makali, na mimi nilikuwa nayahitaji. Badala yake akavuta kiti, akakaa, mgongo wake ule.

"Rudia," akasema.

Muuzaji akarudia mara ya tatu. Baba akatazama mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Nini, baba?"

"Siku ile. Aliinuka, akasema anakwenda kuzima jiko. Hakugeuka. Mimi nilikuwa nasoma gazeti, sikuinua macho. Nikasikia sufuria limeanguka." Akaikunja ile leso tupu, mara moja, mara mbili. "Kule kugeuka nilimwongezea mimi. Hii yako ndiyo ya kweli."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka miwili nimebana pumzi sebuleni mwangu na sikuwahi kuuliza mama anakwenda wapi. Nilihisi aibu mpaka miguuni. Nilitamani kumkumbatia, nikashindwa, tukawa tunatazama kile kioo cheusi, na ndani yake tunaonekana sote wawili, yeye amekaa, mimi nimesimama nyuma yake.

Akainuka, akashika ukingo wa meza. "Chukua ile ndogo," akasema. "Ni nzuri kwa kazi yako. Mimi nimeshamaliza."

"Kaka," nikamwambia muuzaji, "tufungie hii kubwa."

"Ya nini sasa?" baba akasema. "Sekunde tisa zinatosha hata kwenye simu."

"Tufungie hiyo hiyo," nikasema tena, na muuzaji akaenda kuleta boksi.

Jumatatu nilimaliza kikao cha ndugu wanaogombania mirathi saa saba kasoro robo, masikio yanavuma. Nikavua hedifoni. Ilikuwa zamu ya baba. Alikuwa amekaa mbele ya boksi lake la mbao, taa imezimwa, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Udongo ulikuwa umeanza kupasuka kwenye kiwiko cha mama.

Nikawasha taa. Nikamchukua mama, nikamsimamisha mlangoni, mgongo kwetu, palepale picha ya mwisho ilipoishia. Mikono yangu haijazoea udongo, mimi ni mtu wa kibodi.

"Nimgeuze kiasi gani?" nikauliza.

Nikashika ile shingo ndogo kwa vidole viwili, nikaanza.

"Umezidisha!" akaruka. "Milimita, mwanangu, milimita! Unataka kumvunja shingo?" Akanisogeza kwa kiwiko, akamrudisha kidogo, akafumba jicho moja, akapima. Kisha akanionyesha kitufe cha kamera kwa kidevu.

Nikakiwekea kidole.

"Tulia," akasema, nami nikabana pumzi.