Mlio Chini ya Mkanda

Kondoo wa kumi na mbili alitoka mikononi mwangu mweupe kama kiazi kilichomenywa, na banda zima likapiga miguu sakafuni. Nilikuwa nimemtangulia Colin Strachan kwa nusu kondoo. Fainali ya kunyoa sufu ni kondoo ishirini. Mshindi huenda ng'ambo na timu ya taifa, na katika ukoo wetu wa wanyoaji hakuna aliyewahi kufika huko.

"Punguza mbio, Ngaire, utachomoka mkono," Colin akanichokoza bila kuinua kichwa.

"Tunza pumzi zako, mzee. Utazihitaji kunipongeza."

Nikamvuta wa kumi na tatu, nikamkalisha kitako baina ya magoti yangu, nikavuta kamba. Mashine ya kunyolea ikanguruma. Sufu ikaanza kumwagika kifuani mwake kama maziwa yaliyofurika sufuriani, na damu yangu ikachemka pamoja nayo. Hakuna raha duniani inayoipita hiyo.

Ndipo nilipousikia mlio. Chini ya mkanda wa ngozi uliobana kifundo cha mkono wangu, kitu kilikwaruza, mfano wa nyayo juu ya barafu nyembamba ya alfajiri.

Daktari alikuwa amenionya Jumatatu. "Kano hukaa ndani ya ala, kama upanga. Ala yako imevimba. Kila ukichomoa, unajikata mwenyewe. Wiki sita usishike mashine." Nikamwitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia padri, nikaenda zangu kunoa visu vya mashine. Asubuhi ya fainali baba yangu, Rawiri, akanifunga mkanda wake mwenyewe, ule ule wa ujana wake.

"Maumivu ni kelele tu," alisema. "Mnyoaji haachi kabla ya kengele."

Aliukaza kwa meno, maana vidole vyake vya kulia havikunjiki. Chai huinywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili. Nyumbani tuliuita uzee, ingawa ulimjia akiwa na miaka thelathini na minne.

Wa kumi na nne. Wa kumi na tano. Colin alikuwa akinipumulia kisogoni, na watu walikuwa wamesahau mikate yao ya jibini mikononi. "Kaza, binti! Kaza!" baba alipaza sauti nyuma yangu. Nikakaza. Kidole gumba kikafa ganzi. Wa kumi na sita nilimnyoa kwa meno yaliyoumana, na kwa wa kumi na saba mkwaruzo ukapanda hadi kiwikoni. Nikaona, wazi kabisa, kikombe cha chai na mikono miwili, na mikono ile ilikuwa yangu.

Nilimmaliza kondoo yule pole pole, bila kumkwangua hata mahali pamoja. Nikamsukuma nje. Kisha nikavuta kamba, mashine ikanyamaza.

Colin akageuka, jasho likimtiririka usoni. "Vipi wewe?"

"Nyoa, mzee. Usinitazame mimi."

Baba alifika ukingoni mwa jukwaa la kunyolea akihema. "Imekufa? Mashine imekufa? Niwaite mafundi?"

"Nzima, Baba. Nimeizima mimi."

Nilitazamia matusi. Nilikwisha kuyaandalia majibu makali, maana ulimi wangu haujawahi kuumwa. Lakini yeye alikuwa anautazama mkanda. Akajaribu kuufungua, vidole vikamkatalia, nikaufungua kwa mkono wa kushoto. Akakizingira kifundo changu kwa kiganja chake kigumu.

"Chezesha kidole gumba."

Nikakichezesha. Mkwaruzo ukapita kutoka mkononi mwangu ukaingia mkononi mwake. Nyuma yetu banda lililipuka: Colin amemaliza. Katika zizi langu kondoo watatu wenye manyoya yao walikuwa wakitafuna bila haraka.

Baba hakuniachia mkono.

"Wangu ulilia hivi hivi," alisema. "Nikadhani ni mashine. Msimu mzima niliitia mafuta."