Delta ya Egide

Mtaani Mbugangari walishaanza kumwita Mwalimu kabla hata hajafanya mtihani. Aliyetangaza ni jirani yake Jovia: Mukashyaka, yule aliyerudi kutoka Karagwe, anakwenda kufundisha hesabu sekondari, Rugerero. Miaka miwili alikuwa amekaa bure na cheti chake cha Tanzania. Nafasi ilikuwa moja, na kwenye mtihani aliketi dawati moja na kijana aitwaye Egide.

Ijumaa jina likabandikwa. Lilikuwa la Egide.

Nyumbani Jovia alishaweka chai ya watu kumi. Mukashyaka hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa direkta, mkuu wa shule, mzee Rutagengwa, akaomba kuona karatasi yake. Swali lilikuwa la mlinganyo: x mraba, toa 7x, jumlisha 12, sawa na sifuri. Alikuwa ametafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata kumi na mbili, ukizijumlisha unapata saba. Tatu na nne. Mistari miwili, kwisha. Pembeni, sifuri nyekundu.

"Kwani jibu si hilo, mzee?"

"Jibu ni hilo," direkta akasema. "Lakini delta iko wapi, Madame? Huku kwetu mutu anaanza na delta: b mraba, toa nne mara a mara c. Mi nikiona majibu yameanguka tu, donc nasema umekopia kwa jirani."

"Basi naomba nione ya huyo jirani."

Labda mzee alitaka kumtia adabu. Akamsukumia karatasi ya Egide. Delta ilikuwepo, imepigiwa mstari kwa rula: arobaini na tisa kutoa kumi na mbili, thelathini na saba. Chini yake majibu: tatu na nne.

"Kasahau kuzidisha kwa nne," Mukashyaka akasema. "Ni arobaini na tisa kutoa arobaini na nane, inabaki moja. Kwa hii thelathini na saba yake hupati tatu wala nne, hata ukeshe. Sasa nani kamkopia mwenzake?"

Rutagengwa akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Akaivua.

"Bon. Yeye amekosa hesabu, lakini njia iko nayo. We uko na jibu, njia huna. Na liste imeshabandikwa."

Nje, watu walikuwa wakimpa Egide mkono. Alipomwona Mukashyaka akawaacha, akamfuata mpaka getini.

"Yaya, dada yangu, usinichukie. Jumatatu naanza na hizo hizo delta, na ile yangu ilikataa kutoa jibu. Niambie tu, nilikosea wapi?"

Mukashyaka alitamani amwache akaumbuke mbele ya darasa. Lakini darasa lisingemuumbua. Wale ni watoto, wangenakili chochote atakachoandika ubaoni.

"Zidisha kwa nne kwanza," akasema bila kumtazama. "Ndipo utoe."

Egide akatoa kalamu mfukoni, akaandika kiganjani.