Jaji na Kabati la Vitu Vilivyookotwa

Mimi ndiye karani wa shule, na kabati la vitu vilivyookotwa liko chini yangu. Kwa kawaida lina kalamu zisizo na vifuniko, soksi mojamoja, na mwavuli ambao nadhani aliyeupoteza alishukuru Mungu. Muhula huu likaanza kufura mpaka mlango ukawa haufungi, na mimi mlango usiofungwa unanitia wazimu.

Chanzo ni mwalimu wa michezo, tunayemwita Kipenga kwa sababu hata salamu anazitoa kama anachezesha mechi. Alfajiri moja alimsindikiza shangazi yake kituo cha mabasi, akamwona mwanafunzi wetu amejikunja kwenye benchi la abiria, kichwa juu ya mkoba wa shule. Pembeni mama yake alikuwa macho, akilinda mizigo. Hawakuwa wanasafiri. Walikuwa wamefukuzwa kwenye chumba walichopanga, na sasa benchi lile ndilo lilikuwa kwao.

Msichana mwenyewe yuko kidato cha pili, wenzake wanamwita Jaji. Ni mtoto anayeweza kumfuata mwalimu mpaka chooni kumwambia kwamba amemwongezea alama asiyostahili.

Mkuu wa shule akatuita sote ofisini kwake, machozi yakimlengalenga.

"Mtoto ana haya yule," alisema. "Tukimpa mkononi tutamwaibisha. Bora aokote."

"Aokote?" niliuliza.

"Aokote. Sisi tutakuwa tunaangusha vitu anapopita."

Nasi watu wazima, wenye akili zetu, tukatikisa vichwa kukubali.

Kipenga akaanza. Aliacha viatu vipya chini ya dawati la Jaji, namba yake kabisa. Kabla ya mapumziko vilikuwa mezani kwangu.

"Shikamoo, mama. Nimeokota viatu."

"Marahaba. Una hakika si vyako?"

"Vyangu hivi hapa." Akainua mguu, na kidole gumba kikanichungulia.

"Hebu vijaribu basi, pengine..."

"Nivae viatu vya mtu, mama?"

Alinitazama kama mimi ndiye niliyeviiba. Nikaviweka kabatini.

Ikafuata sabuni, kisha sweta niliyoifuma kwa mikono yangu, ambayo nililazimika kuipokea nikijifanya siijui. Blanketi lilirudi limekunjwa vizuri kuliko lilivyoangushwa. Mpishi naye akaacha sahani ya chakula cha moto kwenye dirisha la darasa lao. Jaji akazunguka nayo shule nzima akiuliza nani kasahau chakula chake, mpaka Kipenga akapata kiwewe, akasema ni chake, akala yote huku mtoto amesimama anamwangalia. Nilimsema Kipenga siku ile hadi sauti ikanikauka.

Mkuu hakukata tamaa. Alitangaza bahati nasibu mbele ya shule nzima, zawadi ikiwa sare mpya. Akatumbukiza mkono ndooni, akasoma jina la Jaji, nasi walimu na wafanyakazi tukapiga makofi kupita kiasi. Jaji akaja mbele, lakini badala ya kupokea sare akaomba kuona ndoo.

Mkuu akaikumbatia. "Ya nini tena?"

"Kuhakikisha tu, mkuu."

Ndoo ikamponyoka. Vikaratasi vikatawanyika, na Jaji akainama akaanza kuvisoma kimoja kimoja. Jina lake. Jina lake. Jina lake tena. Akainuka polepole.

"Mkuu, kuna mtu kaichezea bahati nasibu yako. Si mimi. Naomba irudiwe."

Mkuu akatangaza kwamba upepo umezidi, kila mtu arudi darasani. Hata jani halikuwa linatikisika.

Ofisini tulicheka mpaka Kipenga akajimwagia chai shatini. Nilikuwa bado najifuta machozi ya kicheko Jaji alipopiga hodi, amebeba vitabu vyote vya shule.

"Nimekuja kurudisha, mama. Siji tena."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nimechoka kutegwa." Akaviweka vitabu mezani. "Mmejua hatuna pa kukaa. Tangu hapo kila ninapopita pamewekwa kitu, mnangoja niibe. Leo mmejaza jina langu ndooni ili shule nzima inione mwizi."

Kipenga akaweka kikombe chini, akatoka bila kupuliza chochote. Niliona aibu kiasi cha kutamani kuingia kabatini, lakini hapakuwa na nafasi.

Nikalivuta lile kabati kwa hasira, vitu vyote vikatuporomokea miguuni.

"Tazama! Vyote hivi ni vyako! Viatu kanunua Kipenga, sweta nimefuma mimi. Hakuna aliyekutega. Tulitaka kukupa, tukaogopa kukwambia."

"Mlimwogopa nani?"

"Wewe."

"Walimu wote?"

"Wote."

"Hata mkuu?"

"Huyo ndiye kiongozi wetu kwa woga."

Akaangua kicheko, kikageuka kilio katikati, nami nikamfuata, tukakaa sakafuni kati ya sabuni na blanketi. Nilipopata pumzi nikamwambia nina chumba nyuma ya nyumba yangu. Kina magunia matupu na cherehani mbovu, vikitolewa watu wawili wanalala vizuri.

Akajifuta kamasi. "Hilo haliamuliwi na mimi. Kamwambie mama."

Nikafunga ofisi mapema, nikaenda naye kituoni. Mama yake alikuwa amekaa wima kwenye benchi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Na mimi, ninayewafokea walimu kila siku, ulimi ukanikwama. Nikaanza kuzungukazunguka. Nikasema nyumba yangu imepooza kwa kukosa watu. Nikasema naogopa panya. Nikasema chumba kikikaa bila mtu kuta zake huoza, fundi mmoja aliniambia. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa uongo.

"Dada," akasema, "unataka tuje tukae kwako?"

"Ndiyo."

"Si ungesema tu."

Akasimama, akanitwisha begi zito kuliko yote, tukaondoka.