Pumzi ya Mwanasesere

Sista Wagaki alichomoa mpira wa oksijeni puani mwa mtoto, akaufuta kwa pamba, akamwambia Kavetsa asukume mashine. Kavetsa hakusukuma. Alikuwa mgeni katika mafunzo ya wauguzi wapya, na bado alikuwa na ile tabia mbaya ya kuuliza.

"Na Ian?"

"Ni kidogo tu. Wageni wakishapiga picha, unairudisha."

Ian alikuwa na miezi mitano na nimonia. Mama yake, Kaluki, anayeuza mboga huko Gatina, alikuwa ametumwa maabara kufuata majibu, kwa hiyo hakuona. Mbavu za mtoto ziliingia ndani kila alipovuta hewa. Kavetsa alisukuma. Magurudumu yalikuwa mabovu, yakalia korido nzima.

Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kipya cha mafunzo, kinachonuka rangi. Wafadhili walikuwa wametoa pesa za vifaa vya chumba hicho. Vifaa vilifika kwenye risiti, havikufika Kawangware. Wakubwa wa hospitali walijua nani amekula, maana walikula pamoja, na asubuhi hiyo wodi zilinyang'anywa chochote kinachong'aa. Mwanasesere wa plastiki alilazwa kitandani, akafunikwa blanketi, akatiwa mpira puani. Wagaki akawasha mashine ingurume vizuri mbele ya kamera.

Kisha zikaja hotuba. Mkurugenzi aliwaeleza wauguzi wapya mambo ya kutarajia: watashikwa mkono, watasikilizwa, hakuna atakayeachwa peke yake na mgonjwa. Watu wakapiga makofi. Mfadhili mmoja akamwomba Kavetsa amwinamie mwanasesere na kutabasamu. Aliinama. Hewa ilimpuliza shavuni, safi na nyingi, ikitoka puani mwa plastiki. Akatabasamu, kwa sababu Wagaki alikuwa akimtazama, na bila sahihi ya Wagaki hangepata kazi popote. Hotuba ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Aliporudisha mashine alimkuta Kaluki amempakata Ian, anamwimbia. Kaluki alimwambia kwamba mtoto ametulia, hatimaye. Kavetsa alimgusa, akajua. Hata hivyo alimrudishia mpira, akawasha, akaishika ile miguu midogo mpaka Wagaki akaja kuzima.

"Ulifanya vile uliambiwa," Wagaki alimwambia kando. "Hata mimi nilianza hivi. Utazoea." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyechoka, na hilo lilimtisha Kavetsa zaidi.

Hakuzoea. Kule Soweto East, Kibera, alikopanga chumba, duka la chini lilikuwa na friji ya soda, na kila iliponguruma alishtuka, akatazama kitanda chake kama kuna mtu anapumua. Kanisani alijikuta akihesabu pumzi za watoto waliobebwa migongoni. Alimwogopa Ian. Muuguzi mzima, na diploma yake, alimwogopa mtoto wa miezi mitano aliyekwisha kuzikwa.

Kaluki alimtafuta akampata kwenye geti la hospitali. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kitui, na alikuwa akimwambia kila mtu kwamba Kaluki ndiye aliyemuua mtoto, kwa kuzunguka naye kwenye mvua akiuza mboga na kukumbuka hospitali wakati maji yamezidi unga. Muia, mumewe, hakumtetea. Walikuwa wanapanga kumrudisha Kaluki kwao, na binti yake mkubwa abaki.

"Sista, wewe ulikuwa hapo," Kaluki alisema. "Mi nikisema hawaskii. Waambie tu nilimleta mapema."

Kavetsa aliahidi kwenda kuwaambia, na alikuwa anamaanisha. Angewaambia yote, mashine na mwanasesere, kazi ipotee ikipotea.

Lakini Wagaki alipata habari ya safari hiyo, akasema hospitali nayo lazima itoe pole. Wakapanda pamoja ngazi za ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Gatina, na sukari na unga mkononi. Muia alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Mama mkwe, juu ya kiti pekee chenye mgongo, hakuzungusha maneno. Alisema wao ndio wamesoma, basi waseme huyu alimleta mtoto akiwa hali gani.

Kaluki alimtazama Kavetsa. Kavetsa hakuwahi kutazamwa vile na mtu, kwa imani nzima nzima. Wagaki aliweka mkoba mapajani akangoja, jinsi mwalimu anavyomngojea mwanafunzi ajibu.

Kavetsa alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, ulimini.

"Aliletwa kama amechelewa," alisema.

Neno lilitoka laini, bila kukwama. Wagaki akashusha pumzi. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa wasomi wasioficha mambo, na Muia akatazama sakafu. Kaluki alisimama kidogo katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akachukua jagi na beseni, maana chakula kilikuwa tayari na wageni hunawishwa. Alianza na Kavetsa. Aliinama mbele yake, akammiminia maji ya vuguvugu, polepole.

"Kumbe ni mimi, sista," alimwambia kwa sauti ya chini.

Kavetsa akanawa.